Mkalimani wa Bwana Juji

Jambo la kwanza lilikuwa udongo. Dative aliuona saa tisa alasiri, Jumanne moja ya Novemba mwaka 2005, alipokuwa akipitisha mashine ya kufyonza vumbi sebuleni kwa mzee aliyekuwa akimtunza. Nyayo mbili za miguu mitupu zilikuwa zimesimama sambamba juu ya zulia la kijivu, hatua tatu mbele ya kiti cha mzee. Hapakuwa na nyayo za kuja wala za kuondoka. Mbili tu, na udongo wenyewe mwekundu. Castle Vale, mtaa wa Birmingham, Uingereza, haina udongo mwekundu. Pale ukichimba unakutana na tope jeusi na vipande vya saruji vya uwanja wa ndege uliokuwapo kabla ya nyumba.

Dative alipiga magoti akaugusa. Ulikuwa mbichi.

"Bwana juji," aliuliza, "nani aliingia humu?"

Mzee hakumtazama. Macho yake yalikuwa juu kidogo ya zile nyayo, pale ambapo uso wa mtu ungekuwa.

"Iko nangoja mukalimani," alisema. "Yeye iko nangoja, na miye iko nangoja."

Dative alifuta udongo kwa kitambaa chenye maji ya moto, akajiambia kwamba wazee wana mambo yao.

Mzee huyo aliitwa Lambert Verhaege, Mbelgiji, umri wake miaka themanini na minane. Alikuwa amesomea sheria ujanani, na baada ya vita kuu akapelekwa Kongo, upande wa Kivu, akawa jaji, au juji kama walivyomwita kule. Kwa miaka kumi na mitatu alizunguka milimani kwa lori, yeye, karani, askari wawili, bendera, na meza ya kukunja. Palipowekwa ile meza ndipo palipokuwa mahakama. Alioa muuguzi Mwingereza aliyemkuta hospitali ya misheni, na uhuru ulipofika mwaka 1960 wakaja kuishi Birmingham, mji wa mke. Hapa hakuwa jaji tena. Alifanya kazi ya kutafsiri barua za Kifaransa katika ofisi ya mawakili mpaka alipostaafu. Mke alikufa, akahamia kwa binti yake wa pekee, mwalimu, katika nyumba ndogo isiyo na ghorofa pale Castle Vale. Kisha binti naye akafa, na mzee akabaki peke yake ndani ya nyumba iliyojaa picha za wanafunzi wa mtu mwingine.

Mwaka huo akili yake ilianza kupukutika. Kiingereza kilitangulia kuondoka. Walezi waliotumwa na shirika walirudi wakilalamika kwamba mzee anaongea maneno wasiyoyaelewa, mpaka siku moja mmoja wao akatambua kuwa ni Kiswahili. Ndipo alipotafutwa Dative, mzaliwa wa bonde la Ruzizi, upande huohuo wa Kivu, aliyefika Birmingham kama mkimbizi na binti yake mdogo. Siku ya kwanza mzee aliposikia "jambo, bwana," alilia kama mtoto. Kuanzia hapo Dative alikuwa naye kila siku kutoka saa saba mchana hadi saa kumi na mbili. Alimpenda. Alikuwa mzee mpole, anayeshukuru hata kwa kufungwa kifungo cha shati.

Nyayo zilirudi Jumatano. Zilirudi Alhamisi. Ijumaa Dative hakuzifuta. Aliziacha hapo kusudi aone, na alipotoka jikoni na chai zilikuwa zimesogea hatua moja karibu na kiti.

Wiki iliyofuata ikaja sauti. Novemba ya kule jua huzama saa kumi, na ilikuwa mida hiyo, taa za barabarani zinaanza kuwaka, Dative aliposikia chini ya sakafu kitu kikigonga. Kwa! Kisha kimya. Kwa! Kisha mkwaruzo, kama chuma kinachokutana na jiwe. Aliijua sauti hiyo tangu utotoni. Lilikuwa jembe.

"Unasikia, bwana?"

"Nasikia kila siku," mzee alisema kwa sauti ya chini. "Iko nachimba. Hamalizi."

Pamoja na sauti ikaja harufu: ya ardhi iliyofunuliwa karibuni, ya majani ya migomba yaliyolowa, na chini yake harufu nyingine, tamu, nzito, ambayo Dative aliinusa mara moja tu maishani, mwaka 1996, kwenye njia ya wakimbizi. Alifungua madirisha yote. Baridi iliingia, harufu haikutoka.

Jumatatu iliyofuata mwenye nyayo alisema.

Dative alikuwa amesimama mlangoni na dawa za mzee mkononi wakati sauti ya mwanamume, ya mtu aliyesimama muda mrefu bila kunywa maji, ilipoanza kusikika kutoka mahali penye nyayo, polepole kwanza, halafu kwa haraka, halafu kwa haraka zaidi, kama mtu anayejua kwamba atakatizwa wakati wowote, na nywele zilimsimama Dative, kwa sababu ya ile sauti isiyo na mdomo, na zaidi kwa sababu alikuwa akiielewa, ilikuwa Kifuliiru, lugha ya mama yake, lugha ambayo hakuwahi kuisikia kwa mtu yeyote tangu afike nchi ile. Neno moja lilirudi, likarudi tena: mwana. Mwana. Mwana.

Mzee aligeuza shingo taratibu. Akamtazama Dative kama anayemwona kwa mara ya kwanza.

"Mukalimani," alisema, "muntu huyu anasema nini?"

Vidonge vilimdondoka Dative. Alichukua koti lake akatoka, akakimbia mpaka kituo cha basi, na ndani ya basi aliomba kwa sauti mpaka watu wakamkwepa.

Yeye na binti yake Précieuse, mwenye miaka minane, walikaa Bordesley Green, mtaa mwingine wa Birmingham, chumba kimoja juu na sebule chini, nyumba zimebanana ukuta kwa ukuta. Jirani yao alikuwa Parveen, mama mtu mzima aliyezaliwa Mombasa, Mhindi wa Kenya, Mwislamu. Ndiye aliyemchukua Précieuse shuleni kila alasiri na kumpa chapati mpaka mama yake arudi. Jioni hiyo Parveen alimfungulia Dative mlango akiwa ameweka kidole mdomoni.

"Mtoto alisema anasikia usingizi, nikampandisha kwenu alale," alisema. "Lakini dada, njoo umwone. Nilipoenda kumtazama sasa hivi, sikupenda nilichokiona."

Précieuse alikuwa amelala chali kitandani, amenyooka, mikono ubavuni. Shuka lilimzunguka kuanzia miguuni hadi kidevuni, limekazwa vizuri, jinsi ambavyo hakuna mtoto anayeweza kujifunga mwenyewe. Kwenye paji la uso wake palikuwa na udongo mwekundu. Dative alimshika shavu. Lilikuwa baridi kama sahani.

"Précieuse! Mutoto wangu, amuka! Amuka!"

Mtoto alifungua macho. Kama watoto wengi waliokulia pale, alielewa Kiswahili lakini alijibu Kiingereza.

"Mum, that man," alinong'ona. "He was crying."

Halafu akasema sentensi nzima ya Kifuliiru, lugha ambayo Dative hakuwahi kumfundisha: kwamba shimo bado halijafika kina.

Usiku huo hakuna aliyelala. Dative alimpigia simu Pasta Ruben wa kanisa lao, naye akaja na mafuta, akaomba mpaka sauti ikakauka. Mtoto hakupata joto. Pasta alipoondoka, akiahidi kufunga siku tatu, Parveen aliweka birika jikoni akaketi mbele ya Dative.

"Sasa niambie kweli. Huko kazini kuna nini?"

Dative alimwambia yote.

"Ulipomsikia akisema, ulimwuliza anataka nini?"

"Mama Parveen! Nitamuliza namna gani? Ni pepo!"

"Ni pepo, sawa. Omba, na mimi nitamsomea mtoto Yasini. Lakini nisikilize. Kwetu Majengo palikuwa na jirani, Bi Saido, alikuwa akipunga majini. Watu walimletea wagonjwa, wanataka amfukuze jini hapo hapo. Yeye hafukuzi. Kwanza humkalisha mgonjwa, humwuliza aliye ndani: wewe nani, watoka wapi, wataka nini? Nikiwa mdogo nilimwuliza kwa nini anawabembeleza. Akaniambia wengi wao wana neno moja tu, na hawajapata wa kulipokea." Alimsukumia Dative kikombe. "Huyo wako hana haja na mwanao. Amekosea mtoto. Nenda kamsikilize kabla shimo lake halijafika kina."

Kesho yake Dative alirudi Castle Vale. Miguu ilikataa mara mbili, kituoni na getini. Parveen alibaki na Précieuse, amemfunika mablanketi matatu, msahafu umefunguliwa magotini.

Mzee alikuwa kwenye kiti chake, amenyolewa na mlezi wa asubuhi, shati jeupe. Dative alivuta kiti kingine akakiweka kati ya mzee na zile nyayo, kisha akaona haifai, akasimama. Nje kulianza kuingia giza la saa kumi. Jembe liligonga mara tatu chini yao, likanyamaza. Harufu ilipanda.

"Weye nani?" Dative aliuliza kwa Kifuliiru. "Unatoka wapi? Unataka nini?"

Pumzi ilisikika, ndefu, kama ya mtu anayetua mzigo. Kisha ile sauti ikasema, na safari hii haikukimbia.

Alisema anaitwa Mukogabwe. Mke wake alikufa kwa uzazi, akamwachia mtoto wa kike. Mtoto alifika miaka saba, akashikwa na surua, akafa alfajiri. Hapakuwa na mtu wa kumsaidia, majirani waliogopa ugonjwa, basi alimviringisha mwenyewe kwa nguo, akamlaza juu ya majani ya mgomba, akaanza kuchimba. Kaburi lilikuwa limefika kiunoni askari walipofika. Karani wa kodi alikuwa ameuawa na kufukiwa siku hiyo upande wa pili wa kilima, na wao walikuwa wakitafuta mtu mwenye jembe na udongo mikononi. Alisema: niliwaambia, nifungeni, lakini mniache kwanza nizike mwana. Walinifunga. Mwana alibaki pale juu ya majani. Alisema: nilimwambia bwana huyu mezani, mwana wangu yuko nje, mvua inakuja, mwana wangu yuko nje.

Dative alikuwa akitafsiri kwa Kiswahili huku machozi yakimwingia mdomoni. Alipofika hapo mzee aliinua mkono.

"Mukalimani wa ile siku alitoka Maniema," mzee alisema. Sauti yake ilikuwa safi, akili imerudi yote, na ilikuwa vibaya zaidi hivyo. "Hakujua luga ya huyu muzuri. Huyu alisema wakati murefu, mukalimani akaniambia maneno tatu tu: anakubali alichimba. Nikaandika."

"Haukujua, bwana."

"Nilijua." Mzee alifumba macho. "Kiswahili mwana ni mwana, na kwa luga yao mwana ni mwana. Nilisikia ile neno. Labda mara kumi. Nikasema moyoni, mbona anasema mutoto? Na sikuuliza. Mawingu ilikuwa nakuja, lori ingekwama, na ilibaki kesi ingine mbili. Nikatia sahihi. Balimunyonga kisha miezi minne."

Friji jikoni ilikuwa imenyamaza.

"Bwana," Dative alisema, "huyu mutu alikuja kwangu. Anamufunga mutoto wangu sanda. Anafikiri ni wake. Umufungue huyu mutu. Weye ndiye ulimufunga."

Mzee alishika mikono ya kiti. Dative alitaka kumsaidia, akamkataza kwa kichwa. Alichukua muda mrefu kusimama, na aliposimama alikuwa mtu mrefu kuliko Dative alivyodhani.

"Mukogabwe," alisema, "mahakama ilikosea. Hapana, mahakama ilikuwa ni meza. Miye nilikosea. Haukuua muntu. Uko huru tangu leo. Enda uzike mwana wako."

Dative alitafsiri neno kwa neno, hakuruka hata moja.

Kisha Mukogabwe aliuliza, na sasa alimwuliza Dative mwenyewe: bado yuko pale?

Dative alifikiria lile bonde. Alifikiria miaka hamsini ya mvua, na vita, na miguu ya watu waliopita wakikimbia, yeye akiwa mmoja wao.

"Yuko," alijibu. "Hakuna aliyemuhamisha." Halafu maneno mengine yakamtoka, ambayo hakuwa ameyapanga, ambayo hakuwahi kumwambia pasta wala Parveen wala ofisa yeyote wa uhamiaji aliyemhoji. "Na miye nilimuacha mama yangu upande ule. Alituangukia njiani, bunduki zilikuwa nyuma yetu. Tulimufunika majani, basi. Ukipita Luvungi, chini ya barabara, kuna mukondo wa maji. Umufunike, baba. Nakuomba. Umufunike na yeye."

"Ndiyo," ilisema ile sauti. "Nina jembe."

Miguu mitupu ilisikika ikivuka zulia, ikapita karibu na Dative kiasi cha kuhisi joto la mwili wa mtu aliyefanya kazi, ikatoka mlangoni, ikashika korido. Harufu ikafifia nyuma yake. Friji ikaanza kunguruma.

Simu ya Dative ililia. Alikuwa Parveen, anacheka na kulia.

"Ameamka, dada! Ametokwa na jasho, anasema ana njaa, anataka chipsi. Alhamdulillahi!"

Dative aliketi sakafuni. Alicheka naye, kisha akakata simu, akafunika uso, akamlilia mama yake kwa mara ya kwanza tangu siku ile. Mzee naye alikuwa amerudi kitini. Waliketi hivyo, jaji na mlezi wake, bila kuwasha taa.

Ndipo mtu alipokohoa koridoni.

Kilikuwa kikohozi cha adabu, cha mtu aliyengoja zamu yake. Nyuma yake mwingine akasogeza miguu. Nyuma ya huyo, mbali kidogo, karibu na mlango wa mbele, mwanamke alipiga chafya.

"Bwana," Dative alinong'ona. "Ni nani hao?"

"Balikuwa kumi na ine," mzee alisema. "Wenye nilitilia sahihi banyongwe. Sijui wangapi balisema kweli. Sikuuliza hata mumoja mara mbili."

Wa kwanza aliingia. Dative aliona zulia likibonyea. Sauti ya kijana, nyembamba, ilianza kusema, na mzee akamgeukia Dative, akangoja. Dative alisikiliza kwa nguvu zake zote. Hakuelewa hata neno. Labda Kilega, labda Kitembo, labda Kinyanga. Milima ile ina lugha nyingi.

"Sijui luga yake, bwana," alisema.

Kijana akarudia, polepole zaidi, kama mtu anayefikiri kosa ni lake.

Siku zilizofuata ilikuwa hivyo hivyo. Waliingia mmoja mmoja saa kumi, wakasema, wakangoja, wakarudi koridoni. Précieuse hakuguswa tena. Dative angeweza kuomba shirika limpeleke kwa mzee mwingine. Badala yake Jumapili alisimama kanisani wakati wa matangazo.

"Natafuta wazee wenye kujua luga za kwetu," alisema. "Kilega, Kitembo, Kinyanga, Kihunde, Kihavu. Zile za kweli, za bibi na babu. Ni kazi ya siku moja. Malipo hakuna."

Watu walitazamana. Kisha Mama Immaculée, ajuza mwenye fimbo, akainua mkono kwa Kilega. Mzee Valère akainua kwa Kihunde. Walipatikana watano. Wakakubaliana Jumatatu saa tisa.

Jumatatu asubuhi shirika lilimpigia Dative. Bwana Verhaege alizidiwa alfajiri, gari la wagonjwa lilimchukua, akafia njiani. Waliomba arudishe ufunguo wa nyumba kabla ya jioni. Walimshukuru kwa huduma yake.

Dative aliwapigia wale wazee kuwaambia wasije. Mama Immaculée peke yake hakupokea simu. Alikuwa tayari ndani ya basi, na saa tisa alikuwa amesimama getini Castle Vale, mdogo, amejifunika kitenge juu ya koti. Dative hakuwa na moyo wa kumgeuza kwenye baridi ile. Alifungua, akamwingiza, akamwekea maji ya chai. Kiti cha mzee kilikuwa kitupu, na mto wake bado una shimo la mgongo.

Saa kumi kikohozi kilisikika. Miguu ikaja. Dative alitaka kusema, tuondoke, mama, lakini kijana alikuwa ameshaanza, kwa sauti ile nyembamba, na Mama Immaculée aliweka kikombe chini na kuinamisha kichwa, sikio moja mbele, jinsi wazee wanavyosikiliza habari kutoka nyumbani. Hakuonyesha kuogopa. Machozi yalimtiririka kwenye mikunjo ya mashavu mpaka kidevuni.

"Ni Kilega?" Dative aliuliza kwa kunong'ona.

"Ni Kilega."

"Anasema nini?"

Mama Immaculée alijipangusa kwa ncha ya kitenge. Alitazama kile kiti, kisha akatazama mahali palipokuwa na nyayo.

"Anauliza," alisema, "bwana juji atarudi saa ngapi."